Picha 212, kali 97: kisa cha midiamu fomati na mafundi 12

Wiki ya kwanza nilirudi na picha 212 za mafundi kwenye karakana zao, nimezipiga kwa kamera ya kuazima ya midiamu fomati, ile yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) kubwa kuliko ya kamera za kawaida, nikakaa kwenye laptopu mpaka usiku wa manane nachambua moja moja, nikapata 97 ambazo ukizumu mpaka mwisho jicho la mtu liko kali. 97 kati ya 212. Na mi si mgeni kwenye hii kazi, kamera yangu ya kila siku ya fulu fremu (sensa ya milimita 36 kwa 24) megapikseli 24 ningeingia nayo karakana zilezile ningetoka na tisa kati ya kumi zimekaa sawa. Kwa hiyo wazo la kwanza likawa lile la kila mtu, lenzi mbovu hii. Haikuwa lenzi. Ilinichukua siku tatu za majaribio kujua ni nini, na nilichokikuta kilinibadilishia mradi mzima, sehemu nyingine kwa uzuri na sehemu nyingine mpaka leo roho haijakubali.

Mradi wenyewe ni huu. Mafundi 12, kila mmoja ndani ya karakana yake, picha moja ya mwisho kwa kila fundi, iprintiwe sentimita 60 kwa 45, itundikwe ukutani, mtu aisogelee mpaka pua ikaribie kugusa kioo na bado aone makovu ya vidole na vumbi la mbao kwenye nyusi. Hilo la mtu kusogea karibu ndo lilinitamanisha sensa kubwa. Fulu fremu ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 upande mrefu, ukiikata iwe na umbo la 4:3 zinabaki kama 5333, ukiprinti sentimita 60 unapata pikseli 225 hivi kwa inchi. Siyo mbaya, watu wengi wala hawataona tofauti. Ila hii niliyoazima inatoa 8256 kwa 6192, karatasi ileile unapata 350 kwa inchi, na umbo lake tayari ni 4:3 hukati kitu.

Aliyeniazima ni rafiki yangu mpiga picha wa studio, wiki nne, bodi ya kamera na lenzi moja tu ya 63mm f/2.8 (hiyo f ni tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi). Sensa yake ni ya milimita 43.8 kwa 32.9, megapikseli 51.4, ile ya Sony ambayo imezunguka ukoo mzima: imekaa kwenye Pentax 645Z ya 2014, ikakaa kwenye Hasselblad X1D ya 2016, ikakaa kwenye Fujifilm GFX 50S iliyotangazwa 2016 na kuingia sokoni 2017. Kwa hiyo yanayohusu sensa hapa chini yanamhusu mwenye yoyote kati ya hizo. Ya kwangu ilikuwa ipi sisemi, maana makosa yaliyofuata yalikuwa yangu, kiwanda hakina kesi.

Na kabla sijaendelea, hili jina "midiamu fomati" linapotosha kidogo. Filamu ya 645, ambayo ndo ndogo kuliko zote kwenye midiamu ya filamu, ni milimita 56 kwa 41.5. Sensa hii ni ndogo kuliko hiyo, tena kwa mbali. Kwa eneo, kutoka fulu fremu kuja hapa unaongeza mara 1.67, na kutoka hapa kwenda filamu ya 645 unaongeza tena mara 1.6, yani uko katikati ya safari, hujafika. Mara 1.67 ya mwanga ni kama robo tatu ya stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili). Nayasema haya kwa sababu kuna watu wanaongelea "mwonekano wa midiamu" kana kwamba ni uganga, mi niliona lenzi nzuri, kina cha fokasi (ule unene wa mbele na nyuma unaotoka mkali) chembamba, na faili ambalo linavumilia sana ukiliediti. Basi.

Siku ya kwanza nilianza na fundi seremala, mzee mmoja mcheshi, karakana ina dirisha moja na mlango, ndani giza la kutosha. Nikainua kamera, nikabonyeza nusu, lenzi ikaanza kwenda mbele kurudi nyuma kwenda mbele, ikatulia, ikapiga. Tena. Tena. Hii ya kuazima otofokasi yake inatafuta mahali ambapo mpaka kati ya weusi na weupe umekolea zaidi, sasa ili ijue imefika kileleni lazima ikipite kwanza kilele chenyewe halafu irudi, kwenye giza inahangaika kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ngeni. Mzee kavumilia weee, mwisho akaniuliza, "Mwanangu, hiyo umeshaanza kupiga au bado unaipasha moto?" Nikacheka, ila ilinichoma.

Wiki nzima ile nilifanya kazi kama nilivyozoea. Kamera mkononi, f/2.8 kwa sababu ya giza na kwa sababu nilitaka hayo mandharinyuma ya kuyeyuka ambayo kila mtu anayataka, shata (muda ambao sensa inapokea mwanga) 1/60 mpaka 1/80 ya sekunde, ISO, yani nguvu ya kukuza mwanga, 400 na kitu. Fokasi naweka kwa nukta ya katikati kwenye jicho, nashikilia, halafu nasogeza kamera kupanga picha, napiga. Miaka yote nimepiga hivyo. Kwenye skrini ndogo ya nyuma kila kitu kilionekana safi, na hapo ndo mtego ulipo, skrini ya nyuma ni ndogo mno kukwambia ukweli wa faili la megapikseli 51, lazima uzumu mpaka mwisho palepale kabla hujaondoka, nami sikuzumu. Fundi wanne nimeshamalizana nao nikijua kazi imeisha.

Siku tatu za kumtafuta mchawi

Jaribio la kwanza lilikuwa la lenzi, maana ndo mshukiwa. Nikabandika kurasa za gazeti ukutani, kamera kwenye tripodi, taima ya sekunde 2 ili mkono usiguse kitu, nikapiga f/2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Herufi ndogo kabisa za matangazo zilisomeka kona hadi kona. f/2.8 yenyewe ilikuwa nzuri kupita nilivyotegemea, kati ya f/4 na f/8 ni wembe, f/11 bado tamu, f/16 ndo ikaanza kulainika. Na hiyo ya f/16 haina dawa, ni mwanga wenyewe unavyotawanyika ukipita kwenye tundu dogo, nukta moja ya mwanga kwa f/16 inatua ikiwa na upana wa maikroni kama 21, na pikseli za sensa hii zina maikroni 5.3, kwa hiyo nukta moja inalalia pikseli nne. Lenzi ikaachiwa huru.

Jaribio la pili ni mikono yangu. Gazeti lilelile, nimesimama, kamera mkononi, picha 20 kwa kila spidi. 1/60 zilikaa 6. 1/125 zikakaa 14. 1/250 zikakaa 19. Hapo nikaanza kutoa macho, maana kanuni tuliyofundishwa wote ni kwamba spidi ya shata isipungue urefu wa lenzi, lenzi ya 63 basi 1/60 inatosha. Kanuni ile ni ya zama za filamu na picha za kiganjani, sensa hii haiitambui. Ila hata hivyo nilijiuliza, mbona kamera yangu ya zamani haina hili tatizo? Nikapiga hesabu. Ili nipate picha yenye upana uleule, huku natumia 63mm pale natumia 50mm, mtikisiko uleule wa mkono unasogeza picha zaidi kwenye sensa, na pikseli za huku ni ndogo kidogo, 5.3 dhidi ya 6. Ukizidisha inakuja kama mara 1.4 ya ukungu. Mara 1.4 haiwezi kukutoa kwenye tisa kati ya kumi ikakutupa kwenye sita kati ya ishirini.

Usiku ndo likanijia. Kamera yangu ya zamani ina kitulizo ndani, sensa inaelea na kufidia mkono unavyotikisika. Hii ya kuazima haina. Nikaichukua ile ya zamani, nikakizima kitulizo, sikumbuki hata mara ya mwisho kukizima ilikuwa lini, nikarudia lile jaribio la 1/60. Kati ya 20 zilikaa 11.

Yani miaka yote hiyo nilikuwa najisifu nina mkono mtulivu. Kumbe nabebwa.

Jaribio la tatu ndo lilionyesha mchawi mkubwa, na hili naomba nilikalie kidogo kwa sababu sijaona watu wakilieleza kwa namba. Nilimkalisha mdogo wangu kwenye kiti mita moja na nusu kutoka kwenye kamera, taa ya kutosha, shata 1/250 ili mtikisiko usiingie kwenye hesabu, f/2.8. Kwanza nikapiga kwa kusogeza nukta ya fokasi yenyewe mpaka kwenye jicho kwa ile joistiki ya nyuma. Karibu zote zikakaa. Halafu nikapiga kwa mtindo wangu, nukta ya katikati kwenye jicho, nashikilia, nainamisha kamera ili uso ukae juu ya fremu. Karibu zote zikaharibika, na ziliharibika upande mmoja: makali yamehamia nyuma ya jicho, kwenye mikunjo ya pembeni na nywele za panja, jicho lenyewe lina utando.

Sababu yake ni hii. Fokasi ichukulie kama kioo bapa kilichosimama mbele ya kamera kwa umbali fulani. Ukiinamisha kamera, kile kioo nacho kinainama pamoja nayo, na mtu wako anabaki alipo. Ukigeuza kamera digrii 12 tu, ambazo ndo za kuutoa uso katikati kuupeleka sehemu ya juu ya picha ya wima, kwa mtu aliye mita 1.5 kile kioo kinarudi nyuma ya jicho kwa sentimita 3 na kitu. Sasa kina cha fokasi unacho kiasi gani? Nikijibana niruhusu ukungu usiozidi pikseli mbili, kwa lenzi hii f/2.8 umbali ule, jumla ni sentimita kama 3.4, yani 1.7 mbele na 1.7 nyuma. Kosa ni 3.3, nafasi ya kukosea ni 1.7. Hata ungekuwa malaika unakosa. Kwenye fulu fremu yangu ya megapikseli 24 na lenzi ya 50mm f/2.8 kina hicho kwa kipimo hichohicho ni kama sentimita 6, una 3 kila upande, kosa la 3.3 linazidi kwa milimita tatu tu, linapenya kwa shida lakini linapenya. Ndo maana mtindo wangu mbovu uliishi miaka yote bila kukamatwa. Halafu juu ya hapo weka mtu mwenyewe, anapumua, anayumba, anakugeukia kukuuliza swali, sentimita mbili zimeshaenda hujabonyeza.

Nikarudi kwenye zile 115 mbovu na kuzipanga upya, safari hii najua naangalia nini. Kama hakuna sehemu yoyote kali na kila kitu kimevutwa uelekeo mmoja, ni mkono. Kama kuna kitu kikali ila siyo jicho, ni fokasi. Kama mandhari yamekaa na mtu kavutwa, ni mtu kasogea. Zikatoka 41 za mkono, 58 za fokasi, 16 za mtu kusogea. Mshukiwa wangu, lenzi, hana hata moja.

Hapa kuna kitu kilinichanganya

Nikiwa kwenye hasira hizo nikaamua kuprinti mbovu kadhaa kwa ukubwa halisi wa mradi, kuona tu ubaya wake. Na hapo hukumu ikageuka kidogo. Ukizumu asilimia 100 kwenye skrini ya inchi 27 yenye pikseli 2560 kwa upana, unachokiangalia ni kipande cha picha ambayo ingeprintiwa yote ingekuwa na upana wa mita 1.9, na wewe umekaa nusu mita kutoka hapo. Hakuna ukuta nitakaoweka picha ya mita 1.9. Kwenye sentimita 60, sehemu ya zile za mkono zilipita, siyo zote, kama theluthi hivi, ile mivutano midogo ilimezwa na karatasi. Za fokasi hazikupita hata moja. Nimelifikiria sana hili kwa sababu kwa kipimo ukungu wenyewe unakaribiana, tofauti nadhani ni kwamba picha iliyotikisika imelainika kotekote, jicho la mtazamaji halina cha kulinganisha, ila ile ya fokasi imebeba ushahidi dhidi yake yenyewe kwenye karatasi hiyohiyo, panja kali na jicho limelala pembeni yake. Unakwenda palipo kali bila kupenda, unaishia kuangalia nywele.

Ukitaka kubishana na hili bishana, mi nimelipata kwa kutazama karatasi kadhaa ukutani, siyo maabara.

Wiki ya pili mpaka ya nne

Nilibadilisha karibu kila kitu. Tripodi. f/8, ambapo kwa umbali uleule kina kinapanda kufika sentimita 9 na nusu, mtu anaweza kupumua kama binadamu. Nukta ya fokasi naipeleka kwenye jicho kwa joistiki, marufuku kushikilia na kusogeza. Baada ya picha ya kwanza nazumu mpaka mwisho palepale mbele ya fundi, naona aibu lakini nazumu. Na kwa kuwa f/8 kwenye giza inakula mwanga nikaleta flashi moja na mwavuli mweupe.

Flashi ndo ilimaliza kesi kwa kweli. Mlipuko wake ni mfupi kuliko shata yoyote niliyokuwa naitumia, kwa hiyo mkono, mtu kuyumba, vyote vinagandishwa, mradi tu mwanga wa kawaida wa mle ndani uwe hafifu kulinganisha na flashi. Shida yake ni moja, shata ya kamera hii ni pazia kubwa linalopita mbele ya sensa na mwisho wake kwa flashi ni 1/125. Ukiwa na mlango wazi unaoingiza jua, 1/125 kwa f/8 na ISO 100, nje inakuwa imepita kiasi kwa stopu mbili, inaungua nyeupe. Wenye Hasselblad hawana hili, shata yao imo ndani ya lenzi na flashi inakwenda mpaka 1/2000 kwenye X1D. Mi niliishia kufunga mlango nusu, au kwenda f/11 na kuongeza nguvu ya flashi. Suluhisho la kimaskini lakini linafanya kazi.

Kuna siku nilijifanya mjanja nikahamia shata ya kielektroniki, kimya, haina pazia linalogonga, nikasema hapa mtikisiko umekwisha. Sensa hii inasoma mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini na inachukua kama robo sekunde kumaliza. Robo sekunde! Nyundo ya mhunzi ikatoka imepinda kama ndizi na taa za LED za fundi mwingine zikachora milia ukuta mzima. Tuliache hilo.

Mwanga na giza ndo sehemu ambayo kamera hii ilinilipa kila kitu. Karakana ya mhunzi ni pango, kuna moto mkali katikati na kuta zimepakwa masizi miaka na miaka, na mtu mwenyewe kavaa nguo ya giza. Kwa kamera yangu ya zamani ningechagua, ama moto ama ukuta. Huku nilifunga mwanga stopu mbili kasoro chini ya kile kamera ilichonipendekezea, nikahakikisha moto haujaungua, picha kwenye skrini ikaonekana kama kosa, mhunzi akachungulia akasema "mbona hatuonekani?", nikamwambia subiri mzee wangu. Nikaivuta baadaye kwenye faili la raw (faili ghafi la sensa) na ule ukuta ukarudi wote, matofali, misumari, mvukuto umening'inia, na chengachenga hazikunisumbua kabisa. Kilichoungua hakirudi, kilichozama kinarudi, basi nikaanza kupima kwa kuangalia kilicho cheupe zaidi na kuyaacha mengine yazame. ISO 100 nilikaa nayo karibu muda wote. Angalizo tu, ile histogramu ya kamera (grafu ya mwanga wa picha) inachorwa kutokana na JPEG, picha ambayo kamera imeshaichakata, inaogopa mapema kuliko raw, mi niliishi nayo kwa sababu kuogopa mapema ni afadhali.

Fundi cherehani naye alinipa somo lake. Alikuwa na kitambaa cha suti chenye vimistari vyembamba vya karibu karibu, na sensa hii haina kile kichujio cha kulainisha kinachokaa mbele, sasa mistari ya kitambaa ikigongana na mistari ya pikseli inazaa mawimbi ya rangi, kijani na zambarau, kwenye nguo ambayo ni ya kijivu tupu. Moare wanaiita. Lenzi inavyokuwa kali ndo inavyozidi. Unaweza kuipunguza kwenye programu ya kuediti lakini nayo inakula rangi halisi, niliyoiona bora ni kusogea, hatua nusu mbele au nyuma na mawimbi yanabadilika au yanapotea, au kwenda f/11, f/16, ule ulaini niliokuwa naulalamikia kwenye gazeti hapa unakuwa dawa. Niliponea kwa f/16. Chekesho lenyewe, picha pekee niliyoiharibu makusudi.

Mafaili mazito, hilo utalizoea: raw isiyobanwa inapita MB 100 kwa picha, kadi ya GB 32 inajaa kabla ya picha 300, ukiwasha kubana kusikopoteza kitu inashuka kama nusu na sijaona sababu ya kutoiwasha. Laptopu yangu ililia. Betri mbili kwa siku.

Kilichoniudhi

Kufikia wiki ya tatu kiwango kilikuwa juu sana, kwenye kila picha kumi, tisa ni kali, wakati mwingine zote. Halafu nikazipanga pamoja na za wiki ya kwanza nikagundua watu wamekufa. Wamesimama wima, mikono imening'inia au imeshika kifaa kama mtu anayeshika kombe, wananitazama. Fundi viatu ndo alinisema wazi, kajisimamia mbele ya mwavuli wangu anaangalia huku na huku, "Sasa hapa mimi nafanya kazi gani? Nimesimama kama wa kitambulisho." Na kweli, mradi ulianza kama picha za watu kazini, tripodi na f/8 na flashi na ile otofokasi ya kutafuta swichi vikaugeuza kuwa picha za watu waliosimama karibu na kazi yao. Sikukaa chini nikaamua hivyo, nilikuwa nakimbia tatizo la ukali na huku nyuma mradi ukasogea.

Nilichojaribu ni kuwarudisha kazini halafu kuwakatiza katikati. Fundi anapiga randa kweli kweli, namwambia "ishia hapo hapo mzee", anaganda na randa ikiwa nusu ya ubao, fokasi nimeshaipanga kwa mkono pale kichwa kinapokuja, napiga moja, anaendelea. Kwa seremala na fundi saa ilifaa sana, kazi zao zina vituo vya asili, huyu anasimama kupima kwa jicho, yule anakaa na kioo chake cha kukuzia jichoni dakika nzima bila kutikisika, fundi saa ni zawadi kwa midiamu fomati. Kwa mhunzi ikashindikana kabisa. Nyundo haigandi, na mhunzi aliyeganda anaonekana sanamu. Kwake na kwa wengine wawili nilirudi na kamera yangu ya zamani, kitulizo kimewashwa, fokasi inayofuata jicho yenyewe, nusu saa nimemaliza.

Hesabu ya mwisho: 8 za midiamu kutoka wiki ya pili na kuendelea, 3 za kamera ya zamani, na 1 kutoka kwenye zile 41 za mkono za wiki ya kwanza, fundi viatu anacheka, 1/60, f/2.8, imevutwa kidogo kulia. Nilimpiga tena kamera ikiwa kwenye tripodi, na flashi na kila kitu, kali mpaka unahesabu nyuzi, hakucheka vile tena.

Ukiuliza kama ningeazima tena, kwa mradi huu ningetafuta ya kizazi cha baadaye. GFX 100 ya 2019 ilileta kitulizo ndani ya bodi na otofokasi ya aina nyingine ambayo haihitaji kupita kilele ndo ijue, tatizo langu la mkono na lile la fokasi kuhangaika gizani yangekufa hapo. GFX 50S II ya 2021 ina kitulizo lakini otofokasi ni ileile ya kutafuta kontrasti, yani ule mpaka wa weusi na weupe, ingenisaidia zile 41, zile 58 ningebaki nazo mpaka niache mtindo wangu.

Nilipoirudisha kamera nilimwandikia rafiki yangu karatasi nikaiweka ndani ya begi, mistari minne: usishuke chini ya 1/250 mkononi, usishikilie fokasi na kusogeza, zumu palepale, shata ya kielektroniki achana nayo. Akanipigia simu anacheka. Nikamuuliza sasa mbona hukuniambia mapema. Akasema yeye tangu ainunue imekaa studio, f/11, flashi nne, hajawahi kuitoa nje hata siku moja, na kwamba haina kitulizo ndo kwanza anasikia kutoka kwangu.